Akiba au Hifadhi? Historia ya Istilahi za Bwana Miti katika Milima ya Upare

Utangulizi

Ziko kazi ambazo zimekwisha pata jina moja la Kiswahili na kutulia nalo. Mwalimu ni mwalimu toka Mtwara hadi Bukoba, na seremala hana haja ya kujieleza. Mtaalamu wa misitu hakubahatika hivyo. Katika muda wa miaka mia moja na ushei ameitwa askari wa msitu, Bwana Misitu, Bwana Miti, afisa misitu, na katika miaka ya karibuni mhifadhi. Kila jina lilizaliwa na wakati wake, na kila moja lilichagua sehemu ya kazi yake ikawakilisha kazi nzima. Mmoja alionekana ni mlinzi, mwingine mpandaji, mwingine mwenye cheo cha ofisini.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya majina hayo, pamoja na istilahi nyingine chache za taaluma ya misitu, kwa kutumia mfano wa Milima ya Upare na mji wa Same ulioko chini yake. Tumeichagua Upare kwa sababu mbili. Kwanza, hali ya nchi yenyewe. Milima hii ni sehemu ya safu ambayo wataalamu huiita Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, kupita Upare na Usambara, na kwenda hadi Udzungwa. Mji wa Same uko upande mkavu, mahali ambapo miiba na vumbi ndivyo vinavyompokea msafiri. Lakini juu yake, katika msitu wa Chome, kilele cha Shengena kinafika mita 2,462 na ukungu hauishi. Mkazi wa tambarare hahitaji kuelezwa na ofisi yoyote kwamba maji yake yanatoka msituni. Pili, Wapare walikuwa na msamiati wao wa misitu kabla ya kuwako Idara ya Misitu, na msamiati huo haujapata nafasi inayostahili katika Kiswahili sanifu.

Yako pia mahitaji ya wakati huu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Zamani istilahi mbovu ya misitu iliweza kusahihishwa na Bwana Miti mwenyewe kwa maelezo ya mdomo mbele ya wanakijiji. Sasa istilahi hiyo yaweza kusomwa mbele ya hakimu, na mtu akatozwa faini au akafungwa kwa mujibu wake. Kwa hiyo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali hawana budi kuyapima maneno haya kwa uangalifu kuliko zamani.

Msitu kabla ya Ofisi ya Misitu

Neno letu msitu lina ndugu yake katika Chasu, lugha ya Wapare, nalo ni mshitu. Ndugu hawa wawili wamekulia nyumba mbalimbali. Msitu wa Kiswahili ni mahali popote penye miti mingi iliyosongamana. Mshitu wa Upare, kama walivyouandika wanahistoria, ni msitu wa jando na mafunzo, mahali ambapo kijana aliingia akiwa mtoto na kutoka akiwa mtu mzima. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, alionyesha jinsi mshitu ulivyokuwa nguzo ya utawala wa Wasuya huko Ugweno, baada ya ukoo huo kuwapindua Washana. Hao Washana walikuwa wahunzi, na kila ajuaye kazi ya uhunzi anajua kwamba hapana chuma pasipo makaa, wala makaa pasipo miti. Yaani historia ya utawala katika milima hii, toka mwanzo, haikuwa mbali na historia ya msitu.

Pamoja na mshitu kulikuwako mpungi, yaani msitu mdogo wa ukoo uliotengwa kwa ajili ya matambiko ya wahenga. Mpungi ulikuwa na mipaka iliyojulikana bila kuchongewa mawe, ulikuwa na wazee wenye mamlaka juu yake, na ulikuwa na miiko. Aliyekata mti ndani yake alikosana na walio hai na waliokufa pia, na hakusamehewa pasipo tambiko. Tukiitazama mpungi kwa jicho la taaluma tunaona mambo yale yale ambayo sheria za baadaye ziliyahitaji: eneo, mwenye mamlaka, katazo na adhabu.

Jambo la tatu ni ndiva. Hili ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare hulijenga mtelemkoni ili kukusanya maji ya kijito wakati wa usiku, na asubuhi kuyafungulia yaende mashambani kwa zamu. Ndiva haina maana pasipo msitu ulio juu yake, kwa sababu ni msitu unaokifanya kijito kiendelee kutiririka baada ya mvua kukatika. Mkulima wa ndiva alikuwa akifanya hesabu za maji ya msitu kila asubuhi, hata kama hakuziandika.

Wakati milima ilipokuwa na maneno hayo, Pwani ilikuwa na yake, na hapana budi kuyataja kwa kuwa ndiko Kiswahili kilikopata msamiati wake wa kwanza wa biashara ya miti. Wakataji wa mikoko waliiainisha miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, toka mwembamba hadi mnene. Waliihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kuisafirisha kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba. Mtu anayedai kwamba Kiswahili hakikuwa na istilahi za kupimia miti kabla ya kuja kwa Wazungu angefaa kukaa nusu saa na mzee mmoja wa Rufiji au Lamu. Kasoro ya msamiati huo ni moja tu: ulipima mti uliokwisha katwa. Kupima mti ungali umesimama ni jambo lililokuja na taaluma mpya.

Mpaka, Askari na Akiba

Taaluma hiyo ilikuja na utawala wa kigeni, na ndiyo sababu maneno yake ya kwanza yana sauti ya amri. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote ambayo kwa maoni yao haikuwa na mwenyewe ni mali ya dola, na mwaka 1904 wakatoa sheria ya kulinda misitu. Kufikia vita vya mwaka 1914 walikuwa wametenga misitu zaidi ya 200 katika koloni lao. Wakati huo huo reli ya Usambara, iliyopita chini ya Milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911, ilifungua njia ya mbao na kuni kwenda mbali kuliko ilivyokuwa kabla yake. Nazo dini mpya zilikuwa zimekwisha panda mlimani: Waadventista walifika Upare ya Kusini mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig walikuwa kaskazini. Waumini wapya waliambiwa waache matambiko, na tambiko lilipoachwa, mpungi ulibaki bila mlinzi.

Waingereza waliunda Idara ya Misitu ya Tanganyika mwaka 1920, makao yake yakiwa Lushoto, na mwaka uliofuata wakatunga sheria yao ya kwanza ya misitu. Mtumishi wa idara hiyo ambaye Mpare wa kawaida alimfahamu zaidi hakuwa mtaalamu mwenye shahada, bali askari wa msitu aliyefyeka njia ya mpaka na kuuliza habari za kila mtu aliyetoka na mzigo kichwani. Kwa hiyo jina la kwanza la kazi hii katika masikio ya watu lilikuwa la ulinzi.

Kwa upande wa eneo lenyewe, neno lililochukua nafasi ni akiba. Watu wakasema msitu wa akiba, kama walivyosema pori la akiba kwa eneo la wanyama. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kifuatacho nyuma au mwisho wa jambo, na katika Kiswahili limekuwa ni kitu kilichowekwa kitumike baadaye. Akiba haiozi, wasema wahenga. Maana yake ni kwamba itatumika. Aliyelichagua neno hilo, awe nani, alikuwa ametoa ahadi bila kujua: kwamba msitu umewekwa kando kwa ajili ya siku ya haja.

Mambo ya lugha na ya utawala yaligongana vikali Upare katika miaka ya 1940, ingawa hayakuhusu msitu. Serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, nayo ikajulikana kwa jina la kienyeji la mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka toka milimani wakakusanyika Same kuipinga. Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya tukio hilo. Sisi tunalikumbuka hapa kwa funzo lake kwa watu wa istilahi: jina la kienyeji halitoshi kulifanya jambo la kigeni kuwa la wenyeji. Tutalirudia funzo hili mwishoni.

Bwana Miti na Ujuzi Wake

Mtumishi aliyekuja baada ya askari wa msitu ni Bwana Miti. Jina hili ni la jamii moja na Bwana Shamba, Bwana Mifugo na Bwana Afya, na walipokuja wanawake katika kazi hizo watu hawakungoja baraza lolote kuwapa jina. Walisema Bibi Shamba na Bibi Miti. Waandishi wa ofisini hawakulipenda sana neno bwana, kwa sababu ya harufu yake ya kikoloni, wakapendelea afisa misitu. Lakini katika vijiji Bwana Miti ndiye aliyejulikana, na jina lake lilikuwa na sifa moja ambayo afisa misitu hana: lilianza na mti wenyewe.

Yafaa tueleze anachokifanya, maana istilahi haiwezi kusanifishwa na mtu asiyeijua kazi. Bwana Miti huanzia kitaluni. Huko huandaa udongo, husia mbegu, huhamishia miche katika viriba, huiwekea kivuli na baadaye huipunguzia kivuli hicho kidogo kidogo ili izoee jua kabla ya kupelekwa shambani. Kitalu, kiriba, mche na kusia ni maneno ambayo mkulima alikuwa nayo tayari, na hapa hapakuwa na taabu.

Akitoka kitaluni huingia katika kazi ya vipimo. Mti uliosimama hupimwa unene wake kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 toka ardhini. Katika tambarare jambo hili ni rahisi. Katika mtelemko wa Upare, ambapo upande mmoja wa shina waweza kuwa chini ya mwingine kwa nusu mita, mpimaji husimama upande wa juu na kuanzia hapo. Asipofanya hivyo, miti ya mlimani itaonekana minene kuliko ilivyo na hesabu yote itaharibika. Kisha hupima urefu wa mti kwa kusimama mbali nao na kupima pembe ya jicho lake kwenda kileleni. Kwa unene na urefu hupata ujazo, baada ya kupunguza kiasi fulani kwa kuwa gogo huchongoka kadiri liendavyo juu. Istilahi kipenyo, mzingo, urefu na ujazo tulizipata katika hisabati. Kimo cha kifua ni ya wanamisitu, nayo tunaisifu: ni fupi, inaonekana machoni, na haihitaji maelezo.

Ujuzi mwingine ni kujua tabia ya kila mti. Tutoe mfano mmoja. Katika misitu ya milima hii uko mti mkubwa wa mbao ambao Usambara huitwa mkulo, Kilimanjaro huitwa mseri, na wataalamu wa dunia nzima huuita Ocotea usambarensis. Waingereza waliuita kwa jina la kafuri kwa sababu ya harufu yake, na jina hilo likaingia katika midomo ya wapasuaji mbao, ingawa mkafuri wa kweli ni mti mwingine wa Asia ya Mashariki. Mti huu haujizalishi kwa wingi kwa mbegu. Hutegemea zaidi machipukizi yanayotoka katika mizizi yake. Asiyejua hilo ataufyeka, atapanda mahali pake mti mwingine, na atafikiri amerudisha msitu. Wapasuaji walioingia Chome kwa siri miaka mingi, wakikaa wawili wawili kwenye mashimo ya kupasulia na msumeno mrefu kati yao, waliutafuta mti huu kuliko mingine yote. Hapa mtafsiri hujifunza kwamba majina matatu ya kienyeji si kasoro ya lugha. Jina la kitaalamu liandikwe panapohitajika uhakika, na majina ya milimani yaandikwe pamoja na mahali yanapotumika, ili askari wa kituoni, mpasuaji na hakimu wawe wanauzungumzia mti ule ule.

Iko pia nyundo. Kila gogo lililokatwa kwa kibali hugongwa muhuri kwa nyundo ya serikali yenye alama katika uso wake, na kisiki nacho hugongwa. Gogo lisilo na alama ni la wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wa misitu husema gogo limegongwa nyundo na maana hukamilika. Hatuoni sababu ya kutafuta neno jingine la kitaalamu kwa jambo hili, na tunawaonya watafsiri wasilizushe.

Kosa Letu Wenyewe

Katika shamba la miti kuna kazi ya kuondoa baadhi ya miti ili inayobaki ipate nafasi, mwanga na maji, na kunenepa. Hesabu yake ni nyepesi. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, hekta moja hubeba miti 1,600. Lakini mingi ya hiyo haina budi kutolewa kwa awamu kabla ya uvunaji wa mwisho, la sivyo yote itakuwa myembamba na dhaifu. Katika mwongozo mmoja ambao sisi wenyewe tulishiriki kuutafsiri, kazi hiyo iliitwa kupunguza miti.

Tulikwenda Same kukagua rasimu ya istilahi pamoja na wataalamu na wanakijiji, na katika kijiji kimoja chini ya Shengena tulionyeshwa matokeo. Kikundi cha wanakijiji kilikuwa kimepanda miti katika kiunga chao. Waliposoma kwamba wakati wa kupunguza miti umefika, baadhi yao walielewa kwamba serikali imeruhusu miti ipungue, na wakaanza na ile minene, kwa kuwa ndiyo yenye bei. Iliyobaki ni ile iliyopaswa kuondolewa. Hapakuwa na mjinga katika habari hii ila sisi. Tulikuwa tumewapa neno ambalo katika Kiswahili cha kila siku lina maana ya kufanya kitu kiwe kidogo, na wao wakalifuata.

Bwana Miti mstaafu aliyekuwako alitusahihisha kwa upole. Alisema mkulima wa mahindi au karoti hasemi anapunguza miche, husema anapunguzia. Tofauti ni silabi moja, lakini ndani yake imo sarufi nzima. Kauli ya kutendea humweka mwenye kufaidika: unapunguzia inayobaki. Tangu siku hiyo tumependekeza kupunguzia iwe istilahi ya kazi hii, na kupogoa ibaki kuwa ya kukata matawi ya chini. Neno lilikuwapo shambani miaka yote. Sisi tulikuwa tumelitafuta katika kamusi.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1967, uliokuwa mwaka wa Azimio la Arusha, ndio mwaka Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1972 serikali ilipeleka madaraka mikoani, na mtaalamu wa misitu akajikuta akihudumia vijiji vingi kwa lugha ambayo hakufundishwa nayo chuoni. Mafunzo yake, yawe ya Olmotonyi karibu na Arusha au ya Morogoro, ambako fani ya misitu ilianza mwaka 1973 na chuo kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, yalikuwa ya Kiingereza. Kila siku alitafsiri akiwa amesimama.

Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali, ya mwaka 1980, ilikuwa mtihani mkubwa wa kwanza wa msamiati huu. Ilifuata nyayo za Mtu ni Afya na Chakula ni Uhai, na kama hizo ilitegemea sentensi fupi na neno linaloeleweka. Katika miaka hiyo na iliyofuata yalienea maneno ambayo leo hatuyashangai tena: kinga moto, mmomonyoko, vyanzo vya maji, kilimo mseto, na lindimaji kwa msitu unaolinda chimbuko la mito. Lindimaji ni neno lililoundwa kwa kuunganisha, na twaona limefanikiwa, kwa sababu linasema msitu unafanya nini. Mkulima wa ndiva hulielewa mara moja.

Si yote yaliyofanikiwa. Maporomoko, kwa mfano, limebebeshwa mizigo miwili: maji yaangukayo toka juu, ambayo ni kivutio, na ardhi iangukayo toka juu, ambayo ni maafa. Baada ya Novemba 2009, mlima ulipoporomoka huko Mamba Miamba wilayani Same na kuua watu, hatuwezi kuliacha neno hilo likae peke yake katika maandishi ya tahadhari. Liandikwe maporomoko ya ardhi kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Kutoka nje ya Upare, uko mfano wa lugha ya kienyeji iliyopanda hadi ofisini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kujulikana kwa kifupi HASHI, haukutafuta jina jipya kwa maeneo ya malisho yaliyofungwa ili majani na miti irudi. Wasukuma walikuwa na neno ngitili, na ngitili likaingia katika taarifa za serikali na za wataalamu wa nchi za nje. Hali kadhalika dunia ilikwisha azima miombo kwa misitu yetu ya nyanda za kati, na shamba kwa ule utaratibu wa mkulima kulima kati ya miche ya serikali mpaka miche ifunge kivuli. Kama Usukuma iliweza kutoa ngitili, hatuoni kwa nini Upare isitoe mpungi na ndiva.

Akiba na Hifadhi

Sasa tuifikie hoja yenyewe. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, iliyofuta ile ya mwaka 1957, ilikuja pamoja na lugha ya ushirikishwaji: usimamizi shirikishi, kamati ya maliasili ya kijiji, msitu wa hifadhi wa kijiji. Katika kipindi hicho neno hifadhi lilikuwa likilisukuma neno akiba nje ya misitu. Leo Chome ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mtumishi wa Wakala huitwa mhifadhi.

Wenzetu wa wanyamapori waliyaweka maneno haya mawili kwa maana mbili. Ushahidi uko mlangoni pa Same. Mkomazi ilikuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1951, na mwaka 2008 ikawa Hifadhi ya Taifa. Jina lilipobadilika, sheria ilibadilika pia: katika pori la akiba uwindaji waweza kuruhusiwa kwa leseni, katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi. Wala tusidanganyike kwamba neno akiba lilikuwa ngao ya mtu yeyote. Wafugaji waliondolewa Mkomazi mwaka 1988, lingali pori la akiba. Lakini angalau msomaji wa maneno hayo aliweza kujua hali mbili za kisheria.

Katika misitu tumepoteza tofauti hiyo. Msitu wa kuvuna mbao kwa mpango na msitu wa lindimaji usioguswa vyote vimekuwa msitu wa hifadhi. Katika mkutano ule wa chini ya Shengena mzee mmoja alituuliza, "Wanangu, akiba tulikuwa tukiuliza ni ya nani. Hii hifadhi tuulize nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliporudi ofisini tuliona kwamba swali lake lilikuwa la istilahi kwa ukamilifu. Akiba hudai kuwe na mwenyewe na siku ya kuitumia. Hifadhi, neno la Kiarabu tulitumialo pia kwa kumwombea mtu ulinzi wa Mungu na kwa kuiweka Kurani moyoni, hudai kuwe na mlinzi na kilindwacho, wala haitaji siku ya matumizi. Mwananchi aliyeambiwa akiba angeweza kungoja zamu yake. Aliyeambiwa hifadhi hajui kama iko zamu.

Hitimisho

Hatupendekezi kwamba msitu wa hifadhi lifutwe. Neno likisha ingia katika sheria, mabango na vinywa vya watu, kuling'oa huleta hasara kubwa kuliko kasoro yake. Tunalopendekeza ni kwamba lisiachwe uchi. Kila linapoandikwa katika tafsiri ya sheria, kanuni ndogo za kijiji au kitabu cha shule, liongezewe sifa inayosema msitu umehifadhiwa kwa kazi gani: wa lindimaji, wa uvunaji, wa kijiji, wa mazingira asilia. Kwa njia hiyo maana iliyobebwa zamani na akiba itapata mahali pa kukaa.

Kwa mtumishi mwenyewe, mhifadhi laweza kubaki kuwa cheo cha utumishi, maana vyeo hupangwa na serikali. Lakini katika vitabu vya masomo na katika kueleza taaluma, tunapendekeza mtaalamu wa misitu, na hatuoni aibu kwa Bwana Miti na Bibi Miti katika mazungumzo. Anayesia mbegu, anayepima kwenye kimo cha kifua, anayepunguzia na anayegonga nyundo anafanya zaidi ya kuhifadhi, na kijana anayechagua kazi hii afaa aelewe hivyo toka shuleni.

Kuhusu mpungi, mshitu na ndiva, tunawaomba walimu wa Same na Mwanga watusaidie kuyakusanya maneno ya namna hii pamoja na maana zake kamili, wangali wako wazee wa kuyaeleza. Tuyachukue yakiwa mazima. Funzo la mbiru ni kwamba watu wa Upare hutambua upesi neno lao linapovishwa jambo jingine. Tukisema mpungi katika kanuni za kijiji, basi ukoo uwe na sauti juu ya miti yake. Pasipo hivyo tutakuwa tumeazima jina tukaacha mamlaka, na tutastahili kuulizwa tena na mzee yule.